Kidonge Kimoja na Nusu

Land Cruiser nyeupe ilivuka daraja la mbao bila kupunguza mwendo.

Mwanahalima alikuwa mita mia tatu nyuma yake, juu ya Honda 125, vumbi likimjaa mdomoni. Nyuma ya kiti alifunga robota la khanga. Ndani ya robota mlikuwa na redio ya Motorola na kamera ya Minox. Kiunoni, chini ya gauni, alibana bastola aina ya Browning yenye risasi kumi na tatu.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichompunguzia hofu.

Alisimama sekunde chache, akaichomoa redio.

"Sato anaita Kamongo. Ova."

"Kamongo anakusikia. Sema."

"Wameacha lami. Wameshika njia ya Buswahili. Wako watatu."

"Usiwasogelee. Tumeweka kizuizi kabla ya Butiama. Waache waje wenyewe."

"Nimekuelewa. Ova."

Kamongo lilikuwa jina la kazi la Muharami, mkuu wake, mtu mnene mwenye sauti ya upole na kumbukumbu isiyosamehe. Sato alikuwa yeye. Aliyebuni majina yale ofisini alikuwa mlafi wa samaki, na hakuna aliyethubutu kumkosoa.

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, mwezi wa sita, mwaka 1987. Masika yalikwisha, mbu wakabaki. Maduka ya Musoma yalikuwa yamejaa tena: sabuni ya Lux, Colgate, betri, mitumba. Baada ya miaka ya foleni watu walinunua kwanza, wakauliza baadaye mali imetoka wapi. Serikali ilifungua mlango ili sukari iingie. Mlango ukishafunguliwa hauchagui mgeni.

Asubuhi ile, pale Mwigobero, kwenye gati la Musoma, Mwanahalima alikaa katikati ya wachuuzi akijifanya anauza khanga. Akapiga picha magunia mawili ya dagaa yakishushwa kutoka kwenye boti yenye injini ya Yamaha. Mtu wake wa ng'ambo ya ziwa alishamwambia kilichokuwamo. Juu dagaa. Chini ya dagaa, makopo ya Blue Band. Ndani ya makopo, vidonge elfu thelathini vya Mandrax.

Mandrax ni kidonge cha usingizi. Kimoja humlegeza mtu mzima miguu na ulimi. Vikizidi, pumzi nayo hulala.

Mwenye mzigo alijiita Visser, mhandisi wa visima, mwenye pasipoti ya Uholanzi na barua yenye mihuri mitatu. Ukweli ni kwamba alikuwa kaburu, tena kaburu wa kutumwa. Lori la pamba lingemngoja Bunda saa kumi alasiri. Vidonge vikifika kusini vingemwagwa kwa bei ya karanga katika vitongoji vya weusi. Kijana aliyelala haandamani.

Mwanahalima akaongeza gesi.

Pikipiki ikayumba.

Ulikuwa mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole, umezama kwenye tairi la mbele. Alishuka, akaitazama Land Cruiser ikimezwa na migomba. Ilimchukua dakika ishirini kuziba pancha.

Alipofika kizuizini, mabomba ya visima yalikuwa yamepangwa chini barabarani, na Muharami alikuwa akijipangusa jasho.

Visser alikuwa ameegemea gari lake akivuta Sportsman. "Habari ya asubuhi, mama khanga," alisema kwa Kiswahili kilichonyooka. Pembeni yake alisimama fundi wa mabomba. Wa tatu alikuwa dereva, Isidori, mzaliwa wa huko huko Mara. Isidori hakumtazama mtu. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Muharami alimvuta Mwanahalima pembeni ya Land Rover.

"Hakuna kitu."

"Mkuu, nimepiga picha magunia."

"Magunia ya dagaa. Dagaa si kosa. Kuna mtu wa baiskeli aliwaambia mbele kuna askari, unajua watu wetu. Wametupa mzigo mahali, katika zile dakika ishirini zako."

Lile neno "zako" lilimchoma.

"Nitawaachia," Muharami aliendelea. "Nitawafuata kwa mbali hadi Bunda. Wewe rudi ukautafute mzigo. Lazima wataurudia."

Mwanahalima aliwasha pikipiki. Hakuogopa kukosa ushahidi, wala kukemewa. Aliogopa jambo moja. Vidonge vile vilikuwa vyeupe, vya mviringo, na vilikuwa vimelala mahali fulani katika kijiji chenye homa, ambako klorokwini haikuwa imeonekana kwa wiki tano.

Kijiji chenyewe, kwenye ile migomba iliyoimeza Land Cruiser, kilikuwa ng'ambo kidogo ya Buswahili, nyumba zimetawanyika kwenye miteremko ya mawe. Balozi wa nyumba kumi aliitwa Magige, mzee mrefu aliyevaa koti la suti juu ya kaptula. Mwanahalima alitoa kitambulisho mkobani, akamwonyesha. Magige alikitazama pande zote mbili, akamrudishia kwa ncha za vidole.

Wakaanza nyumba kwa nyumba.

"Tunatafuta dawa za kulevya," Mwanahalima alisema kwenye kila ua, kama walivyofundishwa kusema. "Aliyeziona aseme. Hatadhurika."

"Hapa hatunaga hiyo kitu," akajibiwa kwenye nyumba ya kwanza.

Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu mlango ulifungwa wakiwa wanauona unafungwa.

Ya tano ilikuwa ya Robi, bibi mkavu wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa akipepeta ulezi uani. Karibu naye, juu ya ngozi ya ng'ombe, alilala mjukuu wake wa kike Wankyo, miaka sita, macho yaking'aa kwa homa. Mama wa mtoto, Boke, alikuwa amechutama jikoni.

"Wanawake wanaendeshaga pikipiki?" Wankyo aliuliza.

"Wanaendesha," Mwanahalima alimjibu, akarudi kwa bibi. "Shikamoo, bibi. Tunatafuta dawa za kulevya."

"Marahaba. Hakuna."

Boke aliinua uso, akafungua mdomo. Robi akamkata jicho. Boke akaufunga.

Mwanahalima aliona. Akadhani ni ile hofu ya kawaida ya raia mbele ya serikali, akaaga. Kwa kosa hilo hakujisamehe upesi.

Saa moja nzima walizunguka. Saa sita jua liliwaelemea, wakakaa juu ya jiwe. Magige akasema lililokuwa moyoni.

"Mwanangu, unajichosha. Bangi yote waliichomaga mwezi wa tatu."

"Sijasema bangi, mzee."

"Umesema dawa za kulevya. Si ndiyo hiyo hiyo?"

Mwanahalima alimgeukia.

"Gari la operesheni lilikuja," Magige akasema. "Wakachoma bangi, wakachoma na vihenge viwili vya mtama. Wakachukua wanaume watano. Mmoja hajarudi mpaka leo. Hiyo majani babu zetu waliipaga ng'ombe ikivimba tumbo. Wazee walivutaga jioni wakitoka shamba, wanalala. Siku moja tukaambiwa ni dawa ya kulevya. Pombe mnaitoza kodi, bangi mnaifunga jela. Mimi sijasoma. Nieleze tofauti."

Akili ya Mwanahalima ilikuwa imeshatoka pale, inakimbia.

Saa nzima alikuwa amewauliza watu hawa habari za bangi yao. Kila mmoja alijibu vizuri sana.

"Mzee, maji mnachotea wapi?"

Alikwenda kisimani peke yake. Kitambulisho alikichimbia kwenye kiatu, khanga akaitupia kichwani. Wanawake wanne wa kitongoji cha pili, wasiomjua, walikuwa wakijaza ndoo.

"Dada zangu, nimeacha mtoto na homa. Mwenye klorokwini anisaidie, hata mbili tu."

Hakumaliza kupumua.

"Si uende kwa mama Robi?" mmoja alimjibu. "Ana kopo nzima. Leo saa kumi anagawia sisi wote, tumeambiwa twende na vikombe."

Mwanahalima alikimbia. Aliikimbilia pikipiki, akaiwasha kwa teke moja, na ndipo Motorola ikakoroma.

"Kamongo anaita Sato. Haraka."

"Sema, Mkuu."

Sauti ilitoka mbali, yenye mikwaruzo. "Tumeisimamisha Land Cruiser hapa Bunda. Ndani yumo fundi wa mabomba peke yake. Visser na Isidori wameshuka njiani. Hatujui wapi."

"Wako nyuma yako?"

"Wanaurudia mzigo. Wako mbele yako. Nakuja, lakini ni saa nzima. Usipambane. Umenisikia? Usipambane."

Alizima redio. Akaielekeza pikipiki kwa Robi. Mtu aliyezoea kazi hii hukuambia hofu huisha. Mwongo.

Robi alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Umerudi."

"Bibi, makopo yako wapi?"

"Makopo gani?"

"Ya klorokwini. Bibi yangu, ile si klorokwini. Ni sumu."

Robi alicheka kidogo, bila furaha. "Mwaka ule wa wahujumu uchumi mlisemaga sukari ni kosa. Watu wakatupa sabuni chooni, wakatupa mashuka mtoni. Mimi niliokota shuka mbili, mpaka leo nalalia. Sasa klorokwini nayo ni sumu."

Hapo Mwanahalima akaelewa jinsi mambo yalivyokwenda, na akaelewa kwamba hakuna mtu wa nchi nyingine ambaye angefanya vile. Msako wa wahujumu wa mwaka 1983 uliwafunza watu wa hapa kanuni moja: anayekimbia serikali hutupa mzigo, na mzigo uliotupwa ni wa aliyeuokota, na aliyeuokota haulizi. Robi alitoka shambani, akakuta magunia mawili kwenye kihenge chake. Akaona dagaa, akaona dawa. Akashukuru Mungu, akanyamaza.

"Nionyeshe, bibi. Sitakushitaki kwa lolote."

"Askari mmoja alimwambiaga hivyo mwanangu. Baba yake Wankyo." Robi alitazama njia iliyokuwa tupu. "Ndiyo huyo ambaye hajarudi."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuchomewa vihenge.

Robi aliingia ndani. Akatoka na kifurushi kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba, ukubwa wa ngumi mbili. Harufu ya bangi ilitangulia.

"Hii ndiyo iliyobaki. Iko pale pale yalipo makopo. Ukiona yale unaiona na hii. Kwa hiyo shika wewe."

"Bibi..."

"Weka kwa mkoba wako. Mtu hawezi kunifunga kwa kitu iliyo kwa mkoba wake."

Miaka mingi jela. Kazi kwisha. Jina la baba yake, fundi cherehani wa Musoma aliyeheshimika msikiti mzima, kwisha. Mwanahalima aliyapima yote hayo kwa muda wa pumzi moja. Akafungua mkoba, akakiweka kifurushi katikati ya kitana na leso, akaufunga.

"Sasa tuko wawili," Robi alisema. "Njoo."

Kihenge kilikuwa nyuma ya nyumba. Magunia mawili. Dagaa walishamwagwa pembeni kwenye ungo. Kopo moja la Blue Band lilikuwa wazi. Mwanahalima alichukua kidonge, akakigeuza juani. Cheupe. Herufi mbili: M na X.

"Umemgawia nani?"

Robi aligeukia nyumba.

"Bibi, umemgawia nani?"

Sauti ilitoka ndani ya nyumba, ya Boke, nyembamba. "Mama. Wankyo haamki."

Mtoto alikuwa amelala kifudifudi juu ya ngozi, kiganja wazi. Homa ilikuwa imempotea usoni na rangi imekwenda nayo. Mwanahalima alimgeuza, akamfinya sikio, akamwita. Kichwa kilianguka upande. Pumzi ilikuja, ikakaa sana, ikaja tena.

"Amepewa ngapi?"

"Kimoja na nusu," Boke alisema. "Kama klorokwini. Nilisaga kwa kijiko."

"Saa ngapi?"

"Wewe ulipotoka tu na balozi."

Alipotoka tu. Angeuliza kwa neno jingine, mtoto angekuwa bado anamuuliza habari za pikipiki. Mwanahalima aliogopa, si kama jasusi, ila kama mtu yeyote aliyebeba mtoto asiyepumua vizuri. Alimnyanyua, akamlaza begani, akatoka mbio kuelekea kwenye Honda.

Peugeot 504 pikapu, ambayo hakuiona asubuhi, ilikuwa imeziba njia ya ua.

Visser alishuka taratibu. Mkononi alikuwa na Beretta yenye kiziba sauti. Isidori alishuka upande wa pili akiwa amekunja uso kama anayeumwa jino.

"Mama khanga," Visser alisema. "Simama hapo hapo."

Browning ilikuwa kiunoni. Mtoto alikuwa mikononi. Ili kuishika bastola ilibidi amwache mtoto, na Mwanahalima hakumwacha.

"Huyu amekula vidonge vyako," alisema. "Niache nimpeleke hospitali. Kisha uchukue mzigo wako uende."

"Nikishaondoka utampeleka. Isidori, magunia."

Isidori alikwenda kwenye kihenge. Alimpita Boke aliyekuwa akilia bila sauti. Alimtazama mtoto, akatazama pembeni haraka.

"Unapoteza muda wake," Mwanahalima alimwambia Visser. "Kila dakika."

"Basi usinipotezee wewe."

Mwanahalima alivuta pumzi apige kelele. Robi, aliyekuwa amesimama karibu yake, alimgusa mkono.

"Ukipiga kelele ya dawa zako hakuna atakayetoka," alisema chini chini, kama anayeeleza jinsi ya kupika. "Ngoja."

Bibi akaweka viganja mdomoni.

Yowe alilolitoa halikufanana na umbo lake. Lilipanda, likavunjika mara tatu, likapanda tena. Kila mtoto wa Mara analijua kabla hajajua kuhesabu. Lina maana moja tu. Ng'ombe wameibiwa.

Kimya cha sekunde mbili.

Kisha mlima wa kwanza ukajibu. Wa pili ukapokea. Sauti zikapokezana kutoka mteremko hadi mteremko, na milango ambayo saa tano asubuhi haikuona wala kusikia kitu ikafunguka kwa mpigo. Wanaume walitoka na pinde, wakatoka na mapanga, mmoja alitoka na sabuni usoni. Walikimbia bila kuuliza, maana kwenye yowe lile hakuna anayeuliza. Huulizwa baadaye yule ambaye hakutoka.

Isidori aliangusha gunia.

"Nini hiyo?" Visser aliuliza.

"Wanasema ng'ombe zimeibiwa. Bosi, mimi ni wa huku. Weka bastola chini."

"Nina barua ya serikali."

"Hawasomagi barua, bosi."

Mshale wa kwanza uligonga mlango wa Peugeot. Wa pili ulipasua kioo. Visser alifyatua risasi moja hewani, na kwa sababu ya kile kiziba sauti hata aliyekuwa karibu hakushtuka. Beretta ilibaki na risasi saba. Mteremkoni walikuwa wanashuka watu mia mbili.

Isidori alishapiga magoti, mikono kichwani.

Visser alitazama huku, akatazama kule. Kwa mara ya kwanza siku ile Mwanahalima aliona hofu usoni mwa mtu mwingine, na akaitambua vizuri, maana alikuwa nayo tangu asubuhi. Bastola ilianguka vumbini.

Mwanahalima alimkabidhi Boke mtoto, akamfunga kaburu pingu kwenye nguzo ya pikapu. Ilichukua sekunde tano.

Watu walijaa uani wakihema. Magige alipenya mbele, upinde mkononi, koti lake la suti limepasuka bega.

"Ng'ombe za nani?" aliuliza.

Watu walimgeukia Robi.

"Nauliza. Zimechukuliwa ngapi? Zimeelekea wapi?"

Robi hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Wote pale walijua. Anayepiga yowe la ng'ombe kwa uongo hutoa fahali, na asiye na fahali hutengwa, hapewi moto wala maji mpaka afe. Manung'uniko yalianza nyuma. Mwanahalima alitaka kusema, akajua neno lake halina thamani pale.

Robi alimchukua mtoto kutoka kwa Boke. Miguu midogo ilining'inia.

"Mnahesabuga mabinti wenu kwa ng'ombe," alisema. "Hata mimi nilihesabiwaga, kumi na nane. Haya, Magige. Huyu ni ng'ombe ngapi? Ndiyo hizi wanaondoka nazo."

Magige alimtazama mtoto. Aliweka sikio karibu na pua yake, akakaa hivyo, akasubiri pumzi, akaendelea kusubiri. Ilipokuja alisimama wima.

"Pakieni mtoto na magunia," alisema. "Wanaume kumi wakae juu na huyu mzungu na dereva wake. Wengine ondoeni mawe njiani."

Mwanahalima aliendesha ile Peugeot mwenyewe hadi Butiama. Robi alikaa pembeni yake akimpiga mtoto makofi madogo ya mashavu na kumwita kwa jina, njia nzima, bila kunyamaza.

Hospitalini muuguzi aliyewapokea aliitwa Jenoveva, mwanamke mfupi asiye na maneno. Alitazama kidonge, akatazama mtoto, akachukua mpira mwembamba wa kusafishia tumbo na ndoo. Waliosimama waliambiwa watoke nje.

Mwanahalima hakutoka. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akihesabu.

Pumzi nane kwa dakika.

Saba.

Alimwomba Mungu kwa Kiarabu cha madrasa, kisha kwa Kiswahili, kisha akaishiwa maneno. Robi alikaa karibu naye.

"Hii sumu yenu," bibi alisema. "Ni ya nini? Nani anaitakaga?"

"Wanaotaka watu walale."

Robi alifikiri. "Bangi inakupa njaa na kicheko. Hii inakupa nini?"

"Hakuna, bibi."

"Na zote mbili mnaziita jina moja."

Saa kumi iligonga. Motorola yake ilisema lori la pamba limekamatwa Bunda, dereva anaimba kila kitu bila kuombwa. Mwanahalima aliisikiliza kama habari za nchi ya watu wengine.

Saba.

Tisa.

Kumi na mbili.

Saa kumi na moja na robo Wankyo alikohoa, akatapika, akafumbua macho. Alimwona Jenoveva na ule mpira, akalia kwa hasira kubwa, akasema kwa lugha ya kwao neno moja.

"Anasema nini?" Mwanahalima aliuliza.

"Anataka uji," Robi alisema, akajifunika uso kwa khanga.

Mwanahalima alitoka nje. Alilia kidogo, mahali ambapo hakuna aliyemwona, akajipangusa kwa leso yenye harufu ya majani makavu.

Land Rover ya Muharami ilikuwa getini. Visser na Isidori walikuwa ndani. Mkuu alikuwa na furaha, daftari mkononi.

"Kazi safi, Sato. Sasa nipe maelezo. Makopo yalikuwa kwa nani?"

"Porini."

"Si nyumbani kwa mtu?"

"Porini, Mkuu."

Muharami alifunua ukurasa. "Wiki ijayo operesheni ya bangi inarudi kijiji hicho. Nina orodha. Kuna bibi mmoja, Robi. Umeona kitu kwake?"

Mwanahalima aliuhamishia mkoba bega la pili. Miaka tisa ya kazi hakuwahi kumdanganya mtu huyu.

"Nimemaliza kijiji kizima, nyumba kwa nyumba. Hakuna. Nitaandika na kutia sahihi."

Mwanahalima alijua ile kumbukumbu ya Muharami isiyosamehe ilikuwa ikifanya kazi. Kisha mkuu akakata jina kwa kalamu, polepole.

"Na wale watu wenye mishale? Nitaandika walikuwa wanafanya nini?"

"Walikuwa wanatafuta ng'ombe."

"Wamewapata?"

Dirisha la wodi lilikuwa wazi. Robi alikuwa ameketi kitandani na kikombe, akipuliza uji.

"Wamempata mmoja," Mwanahalima alisema. "Baba yake mlimchukua ninyi mwezi wa tatu. Kesho nakuja ofisini kuuliza yuko wapi."

Hakungoja jibu. Alipita getini, askari akampigia saluti, akaitikia kwa kichwa na kushika njia ya Buswahili kwa miguu, kuifuata pikipiki yake.